Dumu la Mkimbiaji

Binti wa jirani yetu, yule anayekimbia mbio ndefu chuoni, alirudi hapa Titye vyuo vilipofungwa kwa sababu ya corona. Wiki za mwanzo alikuwa anatoka alfajiri, anavuta soksi mara mbili kila mguu, halafu anaipanda barabara ya Kasulu viwiko vimebana mbavu. Sasa huku kwetu mtu mkubwa hakimbii bure. Akikimbia, kuna msiba. Kina mama walikuwa wanaacha majembe wanauliza, "Nani kafariki?" Vijana wa bodaboda nao, "Kaeni mbali, corona inakuja mbio!" Akaanza kubeba dumu tupu, aonekane anawahi maji. Baadaye dumu likawa linarudi limejaa, na yeye anatembea. Mwishowe viatu vikabaki kwenye msumari pale barazani, buibui akaweka nyumba, na mwenyewe akawa analala mpaka jua linakuwa kali.

Redio iliposema vyuo vinafunguliwa, mama yake alimuuliza, "Na timu yako?" Akajibu, "Watatukimbiza upya wachague, mama. Nikishindwa, wananitoa." Kesho yake nilikuwa naanika muhogo, nikamwona anakipanda kilima, mikono mitupu. Katikati akasimama, ameshika magoti, anahema kama mgonjwa. Bibi mmoja akatua kuni zake. "Mwanangu, nani kafariki?"

"Hakuna, bibi. Ni mimi tu, nakimbia."

Akavuta soksi, mara mbili kila mguu, akaendelea kupanda.