Kengele Mbili za Pauline Skeggs

Pauline Skeggs alikuwa kondakta wa mabasi ya ghorofa ya London hadi makondakta walipoondolewa, na miaka yote hiyo hakuwahi kuketi akiwa kazini. Alisimama basi likikata kona, akasimama hata walevi walipomtapikia viatu. Sauti yake iliwafikia abiria wa juu bila yeye kupanda ngazi. Mtu wa namna hiyo akifika miaka sabini, halafu mwanawe aanze kumshika kiwiko kila penye tofali lililoinuka, mimi namwonea huruma huyo mwana.

Siku Pauline alipotimiza miaka hiyo sabini, mwanawe Gavin alimpeleka Leicester Square, kwenye kibanda cha tiketi, ili amchagulie onyesho. Ndivyo alivyosema hasa: nikuchagulie. Tangu kiangazi alikuwa akimchagulia pia nyumba ya wazee, yenye bustani na wauguzi wapole. Pauline hakuwa mjinga. Alijua ukikubali kuchaguliwa kiti leo, kesho utachaguliwa kitanda.

"Kuna hili la nyimbo, Mama," Gavin alisema akionyesha bango. "Viti laini, wanacheza vizuri, masaa mawili tu umemaliza."

"Unanipeleka kwenye onyesho au kung'olewa jino?"

Msichana wa dirishani akamtazama Gavin. "Mama anaweza kupanda ngazi?"

"Mwenye miguu ni mimi," Pauline alisema. "Niulize mimi."

Msichana aliona haya. Pauline akamuuliza kuna nini katika ule ukumbi usio na paa, ng'ambo ya mto. Kuna tamthilia ndefu, msichana alijibu, ya malkia mzee anayekataa kutoka madarakani, na mwishoni wanakufa karibu wote. Nafasi zilizobaki ni za kusimama uani, mbele ya jukwaa, na miamvuli hairuhusiwi kwa sababu inawaziba walio nyuma.

"Hiyo hiyo, binti. Tupe mbili."

"Mama! Masaa matatu? Na mvua hii? Watu watasema nakutesa!"

"Waambie nimejitesa mwenyewe. Akili ni nywele, Gavin, kila mtu ana zake. Na zako zimeanza kuisha."

Ukumbini, Pauline alisimama mbele kabisa, tumbo limegusa jukwaa. Mvua ilipowafanya vijana warundikane mlangoni, Pauline alipaza sauti, "Songeni mbele, nafasi ipo!" nao wakasonga kabla ya kujiuliza ni nani aliyewaamuru. Malkia alitukana wanawe, akavunja kiti, akatema mate karibu na kofia ya Pauline. Magoti yalimuuma sana. Hata hivyo alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameionja kwa muda mrefu, na kila mara malkia alipokataa jambo, yeye aliitikia kwa kichwa.

Wakati wa mapumziko watu walitoka nje kunywa chai. Gavin alikuwa ameloa kama kuku aliyenyeshewa.

"Basi, Mama, umeshinda. Twende nyumbani. Nimekuona unavyosugua magoti."

"Yananiuma."

"Sasa?"

"Sasa yananiuma. Yangeniuma hata kwenye kiti chako laini, tena bila malkia."

Kengele ya ukumbi ikalia. Gavin akamshika kiwiko amwelekeze barabarani. Kwenye mabasi ya zamani kengele moja ya kondakta ilimaanisha simama, mbili zilimaanisha ondoka. Gavin aliyajua hayo tangu utotoni, alipokuwa akipanda basi la mama yake kila atokapo shule. Wote wawili walitulia mvuani, wakisikiliza.

Ikalia tena.

"Mbili," Pauline alisema, akajinasua. "Kesho uwapigie simu wale watu wa nyumba yenye bustani. Waambie abiria wako hashuki."

Akatangulia kuingia. Gavin alibaki akitazama barabara, kisha akamfuata. Pale mlangoni umati uliwasukuma, na Pauline ndiye aliyemshika mwanawe kiwiko.