Waliokuja kwa Mlango wa Nyuma

Enzi zetu, sisi tuliozaliwa kabla redio haijaingia nyumba za watu, jina la mtu lilikaa kichwani, si kwenye karatasi. Ndiyo maana bado ninawakumbuka wote waliokaa meza ile, kule milimani Tanganyika. Bwana Emil, mwalimu wa watoto wa Wajerumani. Bibi Grete, mke wake. Daktari Otto, rafiki yake tangu Ulaya. Bwana Anton, seremala, aliyekula kwao kwa kuwa hakuwa na mke. Bibi Klara, muuguzi wa Daktari Otto. Halafu baba yangu, Fundi Kalenga, aliyevuka ziwa kutoka Albertville na cherehani yake. Na mimi, Kabibi, wa kushika uzi. Nilikuwa na miaka minane, tisa hivi.

Ninaandika hapa Ulaya, Berchem, jikoni kwa mtoto wangu Astrida, kwa sababu ya Jumapili iliyopita. Mjukuu wangu Solange, anayesomea uuguzi Woluwe, aliweka uma chini akasema, kama mtu anayesema mvua imenyesha: "Koko, nilienda ku salle ya kanisa, nikatosha jina yangu ku ile liste." Yaani amelifuta kwenye orodha ya vijana wanaotaka kule kwetu Zaïre watu wachague wakubwa wao wenyewe. Alikuwa ametia sahihi mwezi uliopita, kwa mbwembwe, na nywele mpya. "Ni jina tu, koko. C'est rien, hakuna neno."

Nikarudisha kijiko kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo.

Bon. Turudi kwenye meza ile ya milimani. Kila mwaka, mwezi wa nane, Bwana Emil alisherehekea katiba ya kwao. Alitueleza kwamba baada ya vita Wajerumani walimwondoa Kaisari, sasa wanapiga kura, lakini jambo lenyewe bado changa na wengi hawalitaki. Hata pale milimani Wajerumani wengine walipeperusha bendera ya zamani, yenye nyeupe katikati. Yake ilikuwa nyeusi, nyekundu na dhahabu, na baba ndiye aliyeishona. Majirani waliicheka: "Emil, umeimwagia haradali!" Bibi Grete alioka keki ya ndizi, kwa kuwa matofaa ya kwao hayakuwepo. Harufu ya siagi ilinifikia nikicheza mdako na watoto wa mpishi, na mawe niliyaacha palepale.

Kahawa ikiisha, ilikuja desturi yao. Bendera ilitandazwa mezani, na kila aliyehudhuria kwa mara ya kwanza alichukua sindano akapiga mshono mmoja kwenye pindo, kwa uzi wa njano. "Anayeshona amesimama nayo," alisema Bwana Emil. Daktari Otto alishona huku akiimba, mshono mrefu kama mguu wa panzi. Mwisho Bwana Emil alimpa sindano baba pia, kisha mimi. Daktari alicheka hadi kahawa ikamwagika: "Leo hata fundi anapiga kura!" Wote wakacheka. Baba naye alicheka, kwa meno tu, kama tulivyocheka siku hizo.

Mwaka uliofuata Bibi Klara alikufa kwa homa. Tulimzika, mshono wake ukabaki.

Halafu habari ikafika. Ujerumani imekamatwa na mtu mwingine, kura zimekwisha, na bendera yenye dhahabu ni marufuku. Wakati huo bendera ilikuwa kwetu, baba akitengeneza kona iliyochanwa na upepo.

Wa kwanza kuja alikuwa Daktari Otto. Saa nane mchana, jua kali, akapitia nyuma, penye banda la kuku. Yeye, mtu wa kutuita kwa sauti tangu barabarani! Kofia mkononi.

"Fundi, mshono wangu ni upi?"

Baba akanitazama, maana mimi ndiye niliyejua yote.

"Wa tatu kutoka kona," nikasema.

"Utoe."

Nikaufumua. Hakuondoka. Aliinama, akaokota kile kiuzi sakafuni, akakitia mfukoni. Kesho yake akaja Bwana Anton, mlango uleule. Kisha Bibi Grete, macho yamevimba, akitaka wake na wa mumewe. Nilitoa wake. Wa mume, baba alikataa: "Bwana aje mwenyewe."

Mimi nilijua haji. Ningeapa mbele ya padri.

Alikuja Alhamisi, akipita katikati ya kuku. Hakunitazama. "Fundi, wameniambia nitatolewa shuleni. Nina mke." Baba akajibu, "Kabibi anajua ulipo." Nilijichoma kidole mara mbili nikiufumua. Alipokuwa akitoka alisema bendera tuichome.

Ilikuwa imebaki mishono mitatu: wa marehemu Klara, wa baba na wangu. Maiti mmoja, na watu wawili ambao hakuna aliyewahi kuwauliza wanataka kutawaliwa na nani.

"Na hii yetu, baba, nifumue?"

"Nani amekuja kuiomba?" alisema, akaitia bendera motoni vilevile, na mishono yetu.

Nilimuuliza Solange kwa nini ametoa jina. Kumbe papa yake, mwanangu Léon, aliitwa na wakubwa kule Lubumbashi, wakamuuliza binti yake anaandika nini Ulaya. Bwana Emil naye alikuwa na mke. Nikamuuliza binti jambo moja tu.

"Ulipitia mlango gani?"

Akaangalia sahani. "Ule wa nyuma, koko. Ku mbele kulikuwa batu, wangeniona."

Vijana wa leo kifungo kikikatika wanatupa shati, na jina wanalitoa kwa mstari mmoja wa kalamu, kabla tram ya barabarani haijapita. Enzi zetu kufumua kulihitaji sindano, na mtoto wa kukuona. Sijui kipi ni afadhali. Mimi yule mtoto ndiye niliyebaki, na tangu Jumapili silali vizuri.

Mliokuwa milimani miaka ile, kama nimekosea, mniambie. Labda Anton alikuwa fundi wa magari. Labda keki ilikuwa ya nanasi. Nitarekebisha. Lakini mjukuu wa mmoja wa wale wa mezani akija kuniomba nitoe jina la babu yake humu, hata akipitia mlango wa mbele, mwambieni kwamba Kabibi aliacha kufumua.