Malimbuko ya Fundi Cherehani

Kwa miaka mitatu hivi nilikuwa mzee mstaafu. Umri wangu ulikuwa miaka ishirini na minane, nilivaa sketi za mitumba na kupanga chumba kimoja Sakina, lakini kila gazeti lilipotoka, wasomaji waliniandikia barua zilizoanza kwa "Shikamoo mzee." Sikuwahi kujibu hata moja. Ningeanzaje, kwa marahaba?

Ilikuwa hivi. Nilikuwa mpiga taipu katika duka la vifaa vya ofisi katikati ya mji wa Arusha, mali ya familia ya Kihindi iliyokuwa pale tangu enzi za babu yao. Serikali ilipolegeza masharti ya biashara nchini, wakaleta mashine ya kutoa kopi, na mashine ile ikawaita waandishi kutoka kila kona. Hakukuwa na haja tena ya kumbembeleza mchapishaji wa Dar es Salaam miaka miwili. Mtu alikuja na daftari lake, mimi nikalipiga taipu, mashine ikatoa kopi hamsini, naye akaondoka kwenda kuzitembeza stendi.

Chumba cha nyuma cha duka alikipanga mhariri wa gazeti la wiki, bwana mmoja mwembamba aliyefanya kazi zote za gazeti mwenyewe, pamoja na kufagia. Siku moja alikosa tangazo la kujaza robo ukurasa, akaniuliza kama naweza kuandika habari za vitabu vipya. Nikamwuliza vitabu gani. Akanyoosha kidole kwenye meza yangu. Alipoona rundo lenyewe ni la nini, akasema jina la binti wa watu halifai kukaa chini ya mambo yale, akanitungia jina la kiume, la mzee mstaafu. Basi nikawa ninahakiki vitabu nilivyovipiga taipu mwenyewe, na mara nyingine nilimkaripia mwandishi kwa makosa ambayo kwa kweli yalikuwa yangu.

Vijitabu vile vilikuwa vya namna mbili tu: vya kutisha na vya chumbani. Vya kutisha viliandikwa na watu wema. Makenika mmoja wa Sakina aliandika juu ya jini wa Tanga aliyehamia Olasiti na kunyonga wapangaji. Nikaandika kwamba kiumbe aliyezoea joto la pwani hawezi kukaa Olasiti mwezi wa Julai bila sweta, na kwamba ni wajibu wa mwandishi kumvalisha. Toleo la pili, jini alikuwa na sweta. Makenika akaja dukani kumshukuru yule mzee, akaniachia papai nimfikishie. Nililila siku hiyohiyo.

Vya chumbani ndivyo vilivyonitia hasira. Vilijidai vya kuchekesha, na waandishi wake walikuwa wanaume waliodhani mwanamke ni genge la matunda: embe hapa, tikiti pale. Ndani ya kurasa zile hakuna aliyegonga goti kwenye kitanda, hakuna aliyebanwa na mkojo katikati ya mambo, hakuna mtoto aliyeamka akiomba maji. Mmoja nilimshauri gazetini aende sokoni kwanza, amalize manunuzi yake, ndipo arudi kwa mkewe. Aliandika barua ya matusi, lakini nayo ilianza kwa shikamoo.

Ndipo akaja fundi cherehani. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, aliyeshona kwenye baraza moja pale Sakina, karibu na njia ya kwangu. Tulisali usharika mmoja, nilimfahamu kwa salamu tu. Mitumba ilikuwa imemnyang'anya wateja. Nani angeshonesha gauni wakati la Ulaya linauzwa kwa bei ya vifungo? Cherehani ilipokaa kimya, yeye akaanza kuandika. Alinipa daftari la shule lenye kurasa zilizojaa mpaka pembezoni.

"Liandike kama lilivyo, mwanangu," akasema. "Usinipunguzie."

Hadithi yenyewe ilihusu mume mlinzi na mke fundi. Mume anarudi asubuhi mke anapoamka, wanaishi chumba kimoja cha kuta za mbao, na jirani wa upande wa pili ana kikohozi kisichomshika ila wakati mbaya. Kwa kurasa nane hawapati nafasi. Wakipata nafasi, anaingia mgeni kutoka Moshi na mkungu wa ndizi, anakaa wiki mbili. Mwishowe, ukurasa wa tisa, mume anakuja barazani mchana kweupe kama mteja, anaomba kupimwa suruali. Mke anavuta tepu. Pazia linashushwa. Anampima shingo, anampima mkono, anaandika vipimo kwa chaki, anamkaripia asijikaze, na kila kipimo anakirudia kwa sababu cha kwanza hakuamini. Jirani anakohoa. Mke anamwambia kwa sauti, "Kohoa tu, baba, na wewe zamu yako itafika!"

Nilicheka hadi nikashindwa kupiga taipu. Mwenye duka akatoka kwenye kaunta kuuliza kama mashine imeharibika. Akauchukua ukurasa, akausoma amesimama, akaurudisha taratibu. "Hii," akasema, "kopi zake ziwe safi."

Alipokuja kuchukua kazi yake, nilimwuliza mama yule ilikuwaje akaandika vile. Hakuona haya hata kidogo.

"Nilipofiwa, watu wote walinipa pole," akasema. "Wakaniuliza nitakula nini, kodi nitaipata wapi. Hakuna aliyeniuliza nimepoteza nini. Mimi na yule baba tulikuwa tunacheka, mwanangu. Tulikuwa tunacheka mpaka kitanda kinatusema. Sasa nikiacha kuandika, kicheko kile kitakwenda kaburini na mimi."

Kopi hazikubanwa kwa pini za chuma. Alizishona mwenyewe kwa cherehani, uzi mwekundu, na kwenye jalada hakuandika jina lolote; alichora tepu iliyojikunja. Gazetini niliandika kwamba nimecheka hadi kifua kikauma, na kwamba tangu ukurasa wa tisa siwezi kumtazama fundi yeyote usoni, hata pini yake ikinichoma kiunoni. Jumatatu yake akapita dukani.

"Mzee gani anajua pini ya fundi inavyochoma kiunoni?" akaninong'oneza. "Ni wewe." Nikamwomba asimwambie mtu. Akacheka, akasema siri ya mteja fundi hasemi.

Basi ikafika sikukuu ya mavuno. Kwetu Walutheri wa huku, siku hiyo kila mtu hupeleka madhabahuni malimbuko ya kazi yake: mahindi, maharage, kuku, maziwa. Ibada ikiisha, vitu vyote hunadiwa nje kwenye majani, na mwenye moyo hununua kitu akamzawadia mchungaji. Siku tatu kabla, mama yule akaniambia atapeleka vijitabu kumi.

Nilidhani anatania. "Mama, peleka hata gauni la mtoto."

"Gauni nimeshona maisha yangu yote, tena kwa vipimo vya watu. Shamba sina. Hiki ndicho cha kwanza kilichotoka kwangu mwenyewe. Malimbuko ni nini basi?"

"Lakini mama, ni kanisani."

"Kwani yule baba nilimpata wapi? Nilifungishwa naye ndoa hapohapo madhabahuni. Nataka Mungu ajue nilicheka. Akikataa, atakataa yeye, si wewe."

Siku ya sikukuu niliimba kwaya bila kusikia nilichoimba, macho yangu yakiwa kwenye kifurushi kile kati ya kabichi na debe la maharage.

Mnadani aliyenadi alikuwa mwenye nyumba wangu, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Aliuza ndizi, akauza jogoo, akafika kwenye kifurushi. Akatazama tepu ya jaladani.

"Vitabu vya ushonaji!" akatangaza. "Kazi ya mikono ya mama yetu! Nani anaanza?"

Wakaanza. Akina mama walitaka kujifunza kushona sare za shule, bei ikapanda. Muuza vipuri mmoja akapandisha zaidi, hadi ikapita bei ya jogoo, akasema akivipata anampa mchungaji vyote. Watu wakapiga makofi. Mzee, ili kuwachochea zaidi, akafungua katikati asome kidogo.

"'Simama wima, baba, usipumue,'" akasoma kwa sauti yake yote, "'maana hapa ndipo mafundi wengi hukosea.'"

Akaendelea kwa macho tu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena palepale.

"Mzee, mbona umenyamaza?" mchungaji akauliza.

"Mchungaji," akasema, "hiki si cha sketi."

Mchungaji akakipokea, akafunua kurasa mbili haraka, akakifunga na kukishika kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mpole, na nadhani alitaka sana mtu amsaidie. Akauliza ni cha nani. Mama akasimama, kitenge kipya, kichwa juu.

"Ni malimbuko yangu, mchungaji."

"Kinahusu nini, mama?"

Akageuka akanitazama. Hakuwa na ubaya usoni. Alinitazama kama mtu anayemwita shahidi wake. "Muulize yule binti wa kwaya. Yeye ndiye anayeandika habari za vitabu gazetini. Alishasema yote, vizuri kuliko mimi."

Kisha mtu nyuma akasema, "Yule mzee?" Mwingine akadakia, "Kumbe mzee ni huyu!" Mwenye nyumba wangu alinitazama kama mtu anayehesabu kodi za nyuma alizopokea bila kujua zinatoka wapi.

"Umekisoma, dada?" mchungaji akauliza.

"Nimekisoma, mchungaji."

"Basi tuambie."

Nilikuwa na sentensi zangu tayari, zilizopigwa chapa na kusomwa mji mzima. Nilichotakiwa ni kusema: kinachekesha, kinahusu mke na mume waliopendana mpaka kitanda kikawasema. Nikawaona wanakwaya, nikamwona mwenye nyumba, nikafungua mdomo.

"Kinafundisha," nikasema.

"Kinafundisha nini?"

"Uvumilivu. Katika ndoa." Bado walisubiri. "Na usafi," nikaongeza. Mpaka leo sijui usafi niliutoa wapi. Mule ndani hakuna aliyeoga.

Uwanja mzima ukashusha pumzi. Mchungaji akasema kama kinafundisha, basi kinafaa kwa semina ya wachumba. Muuza vipuri akalipa, akamkabidhi, vyote kumi vikapelekwa kwenye kabati la ofisi ya usharika, kusubiri semina ipangwe. Mzee akahamia kwenye mayai. Hakuna hata mtu mmoja aliyecheka.

Nilimfuata mama yule njiani, nikijiona shujaa. Nilitegemea shukrani, nasema kweli.

"Nimekuokoa, mama," nikasema.

Akasimama. "Gazetini ulisema ulicheka hadi kifua kikauma. Wakati huo ulikuwa mzee, hakuna aliyekujua. Leo umeulizwa wewe mwenyewe, umesema nini?"

"Wangekufukuza."

"Wangenifukuza na kitabu changu. Sasa wamenipokea na kitabu ambacho sikuandika." Sauti yake haikupanda. "Ulinionea haya, mwanangu." Akaniacha pale kwenye vumbi la barabara ya Nairobi.

Mimi sikufukuzwa popote. Kwaya ilinibakiza, mwenye nyumba akaanza kunisalimu kwa heshima kidogo, na wachumba wawili wakaniuliza semina ni lini. Nilipopita barazani nikamwamkia mama yule, aliitikia marahaba na kuendelea kushona. Niliona afadhali angenitukana.

Miezi ikapita. Siku moja akaingia dukani, akaweka daftari mezani, akasema, "Kurasa nne," akatoka. Ilikuwa hadithi ya kutisha, ya kwanza kuandikwa naye. Hamkuwa na jini wala damu. Mwanamke anapika chakula, anakibeba kichwani mpaka karamuni. Watu wanauliza ni chakula gani. Jirani yake, aliyekionja jikoni akalamba vidole, anasimama na kusema ni dawa. Basi wote wanameza haraka wamefumba macho, wanashukuru, wanafuta midomo. Mwanamke anarudi nyumbani na chungu, anaonja kilichobaki. Hakina ladha. Anaonja chumvi, haina ladha. Anatafuna pilipili, anajiuma ulimi: hakuna kitu. Inaishia hapo, saa tano asubuhi, jua linawaka.

Niliipiga taipu bila kosa hata moja. Nikaipeleka barazani mwenyewe, nikiwa nimepanga njia nzima maneno ya kumwomba radhi. Alikuwa anapinda gauni, pini zimejaa mdomoni. Nilipomwona, maneno yote yakakauka, nikabaki na la kazi tu.

"Mama, inatisha," nikasema.

Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa blauzi.

"Haichekeshi?"

"Haichekeshi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

"Basi imekaa," akasema, akakanyaga cherehani.