Nilivyompeleka Baba Nakuru Anisainie

Wacha niseme ukweli mapema: sikujitolea kwa ajili ya sayansi. Ilikuwa likizo ya Agosti, viazi vyetu vilikuwa tayari kuchimbwa, na yeyote aliye na safari halali ya Nakuru hashiki jembe siku hiyo.

Watu wa utafiti walikuja kanisani kwetu Mau Narok Jumapili moja. Walitafuta familia za kufuatwa kwa miaka kumi na mitano, mzazi mmoja na mtoto wake mmoja, kila mwaka mnapimwa presha, uzito na damu, ili ijulikane magonjwa ya moyo huanzaje kwenye ukoo. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hawajamaliza kueleza. Miaka kumi na mitano, mimi ambaye nilidumu siku tisa katika chama cha mazingira shuleni.

Mama hakucheka. Jioni aliniita nyuma ya zizi akanipa kazi yangu halisi. Guka, yaani babu yangu aliyemzaa Baba, alianguka katikati ya mistari ya viazi jembe likiwa mkononi, na hakuamka tena. Watu walisema ni baridi. Sasa Baba naye anaumwa na kichwa kila asubuhi, na anasema ni baridi. Hospitali haendi. Anaamini ukiingia huko ukiwa mzima watakutafutia ugonjwa mpaka waupate. Bahati nzuri Jumapili hiyo hakuwa kanisani, alikuwa ameenda kuona ndama wa kununua, kwa hiyo Mama alimweleza nusu tu ya tangazo: Ciru, ndiye mimi, ana miaka kumi na sita, hawezi kupokelewa bila mzazi kumsainia. Kwamba mzazi pia anapimwa, hilo alilimeza.

"Usinirudishie huyo mtu bila kupimwa," Mama aliniambia. "Ukirudi naye vile alienda, utachimba hayo mashamba yote mawili."

Alhamisi, saa kumi na moja asubuhi, nyumbani. Tulikuwa tumeagizwa tusile chochote tangu chakula cha jioni. Maji tu. Mama alilishika agizo hilo kama amri ya kumi na moja. Mkate aliufungia kabatini kwa kufuli. Viazi vitamu alivihamishia chumbani kwake. Baba alijaribu kupita na ndizi mfukoni, akapekuliwa. Baada ya ulinzi huo wote, Mama akatukaribisha mezani akatumiminia chai.

Hakuna aliyeona ajabu. Kwetu mtu hatoki nyumbani bila chai. Hata marehemu angepewa kama angeweza kushika kikombe. Ilikuwa ya maziwa, nzito, na sukari ya kutosha kusimamisha kijiko. Baba alikunywa vikombe viwili, mimi viwili, na iliyobaki ikaingia kwenye thamosi ya njiani.

Saa kumi na mbili, barabarani. Tulipanda lori la viazi la Kim, jirani yetu, sisi watatu mbele na magunia nyuma. Ukungu ulikuwa umekalia mashamba ya ngano, tukiona tu vichwa vya ng'ombe vikielea kama havina miili. Kim aliposikia tunakoenda, alipunguza mwendo ili atuogopeshe vizuri.

"Boss, hao watu wanachukua damu lita tatu," alimwambia Baba. "Inapelekwa ng'ambo."

Nikamuuliza ng'ambo watafanyia nini damu ya mtu wa Mau Narok, na nusu yake ni viazi. Kim akafikiri kidogo, akasema labda ndiyo maana wanaitaka. Baba alicheka, lakini niliona ameushika mkono wake wa kushoto kama mtu anayelinda mali.

Njoro, saa moja na nusu. Kim alisimama kuongeza upepo kwenye gurudumu. Baba alishuka kunyoosha miguu, na hiyo miguu ikaanza kunyookea upande wa magari yanayorudi juu Mau Narok. Nikashuka nami, nikasimama nyuma yake kama askari wa benki. Tukatazamana. Akasema alikuwa anaangalia hali ya hewa.

Saa mbili unusu, Nakuru. Kim alitushusha karibu na soko. Nakuru siku hizi ni jiji na watu wake hawakuachi usahau: Baba aligongwa bega na jamaa mwenye mkokoteni, akauliza kama hakuna adabu, akajibiwa, "Mzee, hapa ni jiji." Baba aliyarudia maneno hayo kwa hasira mpaka tukafika kwenye ofisi za utafiti, jengo la ghorofa moja lenye geti la bluu. Mkononi alikuwa na sukari ya kilo mbili, kwa sababu tungepitia kumsalimia dadake, Tata Njeri, na huwezi kuingia kwa mtu mikono mitupu.

Aliyetupokea ni muuguzi wa utafiti, Halima, mama wa mjini mwenye buibui chini ya koti jeupe. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hivi kwamba nilijikuta nimekaa wima. Alituuliza kama tumekula chochote tangu jana usiku. Tulijibu hapana pamoja, kwa fahari, kama wanafunzi waliokariri. Akatusifu. Aliandika kitu. Na Baba, kwa kuwa ni mtu mwenye heshima zake na ameona mama wa watu anafanya kazi kwenye baridi, akafungua thamosi.

"Karibu chai kidogo, madam."

Halima aliitazama thamosi kwa muda. "Na nyinyi mmeinywa, mzee wangu?"

"Eeh. Lakini kula, hatujakula."

Kalamu ikawekwa chini. Halima aliinuka, akaenda kwenye benchi la wanaosubiri, akauliza nani wengine wametoka Mau Narok. Mikono mitano ikainuka. Akauliza nani amekunywa chai. Mikono ile ile, haikuwa hata imeshuka. Akamuuliza mzee wa mwisho kama ilikuwa ya maziwa.

"Kwani kuna ingine?" mzee akamuuliza, kwa huruma.

Alirudi akatueleza kwamba chai ya maziwa na sukari kwenye damu ni chakula kamili, kwa hiyo damu itatolewa kesho asubuhi, yangu na ya Baba.

"Ya nani?" akauliza Baba.

Halima akarudia. Baba alinigeukia polepole. Nilianza kusoma bango la kunawa mikono, nikalisoma lote mpaka jina la aliyelichapisha.

Halima, ambaye hakujua bomu lililolipuka, aliendelea kutusomea fomu ya ridhaa. Kwamba hakuna anayelazimishwa. Kwamba mshiriki anaweza kujiondoa wakati wowote bila kutoa sababu. Hapo Baba akainua kidole.

"Wakati wowote?"

"Wowote ule, mzee wangu."

"Basi mimi natoka sasa. Huyu msichana nimsainie wapi?"

Alinisainia, akavaa kofia yake. Akilini nilimwona Mama mlangoni kwetu akihesabu tulivyorudi. Nilimwona Guka pia, na hiyo sikuipenda, kwa sababu mimi huwa siwazi mambo kama hayo mchana.

Sasa lazima mjue jambo moja kuhusu Baba. Madalali wa viazi wamemwibia kwa mizani mbovu miaka mingi, na tangu hapo hawezi kupita mizani bila kuipima. Dalali akija, Baba huweka kwanza kitu anachojua uzito wake. Mizani ikisema uongo, dalali anaonyeshwa njia. Na pale pembeni ya chumba palikuwa na mizani.

"Baba," nikasema, "hiyo mizani yao ni kama haiko sawa."

Alisimama mlangoni. Alijua ni mtego, naapa alijua. Lakini alirudi. Akapanda, akasoma, akashuka, akapanda tena akiwa na sukari ya Tata. Ikaongezeka kilo mbili kamili. "Iko sawa," alisema, akionekana amevunjika moyo kidogo.

Halima hakuwa mjinga. Alivuta ile mashine ya presha yenye kitambaa cha kufunga mkononi. "Na hii je? Watu wengi hawaiamini." Ila akasema hamgusi mpaka asaini kwa hiari yake, na kujiondoa bado anaweza. Baba alisaini, akisisitiza ni kwa ajili ya kukagua mashine tu.

Kitambaa kikavimba, kikanywea. Mia moja sabini na nane kwa mia moja na nne.

"Imeharibika," Baba akasema.

Halima akamwacha apumzike, akapima tena, kisha mara ya tatu. Namba zilikuwa ndugu. Baba akaniangalia, na nikajua anachotafuta: kitu anachojua uzito wake.

"Mfunge huyu," alisema. "Huyu ni mzima, anakula kama trekta."

Nikafungwa. Mia moja na kumi kwa sabini. Baba akasema labda ni ya watoto. Amfunge mtu mzima. Halima akajifunga mwenyewe. Sawa kabisa. Baba alivua kofia akaiweka magotini.

"Mashine haina shida," alisema mwishowe. Kisha, bila kumwangalia yeyote: "Baba yangu hakuna aliyempima."

Halima hakuhubiri. Alimwambia utafiti hautibu, lakini namba hizo hazingoji kesho, akatuandikia barua ya kliniki, na mchana huo huo Baba akapewa dawa yake ya kwanza. Aliikagua pande zote mbili kama mbegu.

Jioni, kwa Tata Njeri. Tata alimimina chai, Baba akaikataa. Tata akaweka birika chini, akaniuliza kwa sauti ndogo ni nani amekufa.

Ijumaa, saa mbili asubuhi. Baba alitoa damu huku akimweleza Halima tofauti ya kiazi cha chipsi na kiazi cha kuchemsha, hata hakuona sindano ikitoka. Zamu yangu ilipofika, nilianza mzaha kuhusu lita tatu. Sikuumaliza. Nilipofungua macho nilikuwa sakafuni, miguu yangu juu ya kiti, na Baba amesimama akinipepea kwa fomu ya ridhaa, machozi ya kucheka yakimtoka.

Kabla hatujaondoka, Halima alikumbusha kwamba aliyesaini kukagua mashine yuko huru kwenda zake. Baba akamuuliza mwaka ujao ni mwezi gani.

Saa tisa, Mau Narok. Mama alikuwa shambani na ndoo. Alinyooka alipotuona, hakusalimu. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumweleza taratibu, njia nzima nimeyapanga, lakini Baba alinitangulia. Alimtajia namba zake zote mbili, kwa sauti, katikati ya mistari ya viazi, akatoa dawa mfukoni akamwonyesha. Mama akaiweka ndoo chini.

"Na huyu wako," Baba akaongeza, "alizimia kwa sindano moja."

Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi juu ya udongo, akajifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika, na bado hakuacha. Nilichojifunza katika safari hii ni kidogo: kuna kicheko ambacho hata mcheshi anapaswa kukiacha kipite bila kuongeza neno. Niliokota jembe nikachimba pale karibu naye, kimya, mpaka akamaliza.