Michezo Miwili ya Treni na Petroli Yangu

Karagwe haina reli. Haikuwa nayo miaka ile ya tisini, wakimbizi walipojaa na mashirika yakaja na magari yao meupe. Mume wangu na mdogo wake hawakuwahi kuona hata behewa moja. Nyumbani kwetu Ihanda mimi peke yangu nilikuwa nimepanda treni, nikienda sekondari Tabora. Lakini wataalamu wa treni walikuwa wao.

Mume wangu alikuwa mtunza stoo wa shirika moja, na ufunguo wa ofisi alikaa nao yeye. Bosi wake aliniahidi kazi ya uchapaji nikifaulu jaribio la Ijumaa. Akaniruhusu nijifunze kompyuta alasiri, ofisi ikishafungwa, na akaacha petroli kidogo ya jenereta kwa ajili hiyo. Kwa ajili yangu, jamani! Ila humo kwenye kompyuta bosi huyo huyo alikuwa ameweka michezo miwili ya treni. Basi nafika na mtoto mgongoni, nakuta viti vimekaliwa na hao ndugu wawili, wanapokezana kompyuta.

Mchezo wa shemeji ulikuwa wa kuendesha tu. Uko ndani ya kichwa cha treni, una kishikio cha mwendo na cha breki. Taa nyekundu simama, kijani nenda. Sasa shemeji mwendo alijifunzia kwenye baiskeli ya kubebea ndizi, isiyo na breki, anaisimamisha kwa kusugua kandambili kwenye tairi. Kila stesheni aliivuka kwanza, ndipo akakumbuka kushika breki.

"Umepitiliza abiria," nikamwambia.

"Watashuka mbele, shemeji. Miguu wanayo."

Wa mume wangu ulikuwa mpana zaidi. Unatandika reli, unanunua treni, unachukua mzigo unakotoka na kuupeleka unakotakiwa, kampuni yako inapata faida. Bahati mbaya mzigo wake ulikuwa ng'ombe wa kupelekwa kiwanda cha nyama, na yeye amekulia machungani. Akawapakia, akawazungusha ramani nzima, akawarudisha malishoni. Kampuni inafilisika, anaanza upya.

"Si uwauze? Picha tu hao!"

"Mama mtoto, nani anachinja zizi zima? Na wenye mimba je?"

Ukiniuliza mimi, wa reli ndio bora, maana unakulazimisha kufikiri. Ule wa kuendesha unachosha kama kusukuma baiskeli mlimani. Lakini yote inadanganya. Treni niliyopanda mimi ilisimama porini nusu siku bila maelezo, na mtoto wa abiria wa pembeni akanitapikia sketi ya shule. Humo kwenye kompyuta hakuna mtoto anayelia. Wangu alikuwa analia.

Alhamisi nilikuwa sijajua bado kuhifadhi kazi niliyochapa. Hilo tu. Nikasimama nyuma ya viti vyao nikingoja.

"Dakika moja," akasema mume wangu, "ng'ombe wangu wako njiani."

Jenereta ikakohoa, ikazima. Petroli imekwisha.

"Mchezo wako unakula mafuta kuliko wangu," shemeji akamwambia kaka yake. Wakaanza kubishana hilo! Mimi nimesimama pale pale.

Ijumaa nilichapa barua safi, haraka, bila kosa. Nikaambiwa niihifadhi. Nikabonyeza nisichokijua, ukurasa wote ukapotea. Bosi akasema nirudi mwezi ujao, ataacha petroli nyingine.

Nyumbani mume wangu akaniambia pole. Kisha, eti, "Lakini wewe uliyepanda treni, sema kweli, upi mzuri?"

Nilimkabidhi mtoto, nikaenda shambani kulima, maana ningebaki mle ndani ningempiga kwa mwiko.

Petroli mpya ilipokuja, niliomba spana kwa fundi baiskeli, nikafungua plagi ya jenereta, ile ambayo bila hiyo haiwaki, nikaifunga kwenye pindo la kanga. Alasiri nikawakuta wanavuta kamba ya jenereta kwa zamu, jasho linawatiririka, wanalaumiana.

"Pisheni," nikasema, nikifungua pindo la kanga. "Na mtoto mshikeni nyinyi."