Fundi Turubai na Tovuti ya Salamu

Ukiwa na haraka zako pale Tunduma, usipite kwa Zabron fundi turubai. Zunguka uchochoro wa mitumba, chafua viatu, lakini utoke salama. Maana Zabron akikuona tu, sindano inabaki hewani, anaanza. Hujambo? Nyumbani hawajambo? Mama yupo? Yule mtoto aliyekuwa anakohoa, kikohozi kimeendaje? Mahindi? Mbuzi? Ukimwambia huna mbuzi anakupa pole, halafu anauliza ilikuwaje mpaka mkakosa mbuzi.

Hana nia mbaya. Amekulia huko juu Mbozi, ambako huwezi kumwomba mtu jembe kabla hujauliza hali ya kila chenye pumzi pale nyumbani. Neno lililokuleta halitoki mkiwa bado ndani. Linatoka ukiwa unasindikizwa, mko njiani, kama vile limekujia sasa hivi: "Aa, halafu kuna kajembe..." Sasa yeye tabia hiyo akaihamishia Tunduma, mji ambao mtu anakusalimia huku ameshakupa mgongo.

Zamani haikumsumbua. Banda lake lilitazama foleni ya malori ya kuvuka Zambia, na dereva akichanikiwa turubai anamwona palepale. Salamu alizivumilia, kwa sababu mshono wa Zabron hata mvua inauheshimu. Halafu barabara ikapanuliwa, mabanda yakasogezwa, Zabron akajikuta nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Kutoka barabarani unaona rundo la pumba tu. Wateja wakapotea kabisa.

Mzee Osea, baba mkwe wake, akatuma neno kutoka Mbozi: kahawa karibu inaiva, njooni mchume, kulala mtalala hapahapa nyumbani.

"Kwa wakwe!" Zabron akashika kichwa. "Niishi nyumba moja na mama mkwe? Hata kupiga chafya nitakuwa natoka nje."

"Utatoka tu," mkewe Fortunata akamwambia. "Baba Fides, sikiliza. Kazi ikirudi kabla kahawa haijaiva, tunabaki. Isiporudi, mimi na wewe na sufuria zetu tunapanda gari la Mbozi. Na kuni utabeba."

Hapo ndipo Zabron akaenda kwa Blessing. Huyu dada amekulia Nakonde, upande wa pili wa mpaka, anatengeneza simu, na magesti kadhaa ya mjini ameyatengenezea tovuti. Akamtengenezea Zabron ya kwake, safi: picha ya lori, maandishi makubwa, namba ya simu juu kabisa.

"Ba Zabron, mnaionaje?" akauliza, kwa heshima ya kwao Nakonde.

Zabron akaitazama kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. "Sasa huyu mgeni kaingia, kakuta namba. Hodi kapiga saa ngapi?"

"Hii ni tovuti, ba Zabron, siyo sebule."

"Hapo juu pameandikwa jina la nani?"

"Lako."

"Basi ni kwangu."

Blessing akamwelewesha taratibu. Dereva akichanikiwa anaandika kwenye simu "fundi turubai Tunduma". Ile mitambo ya kutafuta inasoma maneno yaliyopo kwenye tovuti. Kama hayo maneno hayapo, wewe hupo. Halafu mtu mwenye shida akibonyeza mara mbili tatu hajaona namba, anaondoka.

"Yaani nimtajie mtu kazi kabla sijajua kaamkaje?" Zabron akakataa katakata. "Dada Blessing, wewe weka salamu. Mwenye adabu atangoja."

Blessing akachoka, akaweka. Mwana, hiyo tovuti ilikuwa noma. Ukifungua, unakuta mlango umechorwa, unatakiwa ubonyeze "Hodi". Inakujibu "Karibu". Ukurasa wa pili unakuuliza, wewe na mimi nani mkubwa, ili ijue nani amwamkie mwenzake. Ukurasa wa tatu, habari za nyumbani: nzuri au mbaya. Ukibonyeza mbaya, inakupeleka kwenye ukurasa wa pole, na kiboksi cha kuandika msiba wako, na ujumbe unaingia kwenye simu ya Zabron. Namba ya simu ipo, ila mwisho kabisa, baada ya kusindikizwa. Na neno turubai? Hulikuti popote. Lingekuwa la haraka mno.

Ukitafuta fundi turubai Tunduma, anatokea Masumbuko. Masumbuko ni fundi mapazia. Aliwahi kushona turubai moja tu, lori likavuka mpaka limevaa marinda.

Kwa Zabron watu waliingia, lakini watu gani sasa! Vijana waliokuwa wanatafuta namna ya kumwamkia mkwe. Mmoja akaandika kwenye kiboksi kwamba ameachwa na mchumba. Zabron akamjibu kwa mapana na marefu, akauliza na hali ya wazazi wa mchumba.

"Ona, mama Fides, watu wanaingia!"

"Wenye turubai ni wangapi?"

"Hatujafika huko. Bado tunasalimiana."

Ikaja siku moja mvua ya mwisho mwisho, ile inayopiga kama ina kesi na wewe. Mhoja, dereva Msukuma wa kutoka mabondeni kule Momba, alikuwa na lori la chumvi ya Ivuna, na turubai limepasuka katikati. Dereva mwenzake akamtumia anwani ya tovuti ya Zabron na maneno machache: huyu ndiye fundi, ila uwe na muda. Mhoja akaegesha penye nafasi, akaanza kubonyeza kwa vidole vilivyolowa. Hodi. Karibu. Nani mkubwa. Akabonyeza "mimi" kwa hasira, simu ikamwambia shikamoo. Habari za nyumbani? Akabonyeza "mbaya" mpaka kioo kikalia. Kikaja kiboksi, akaandika: "Nimekwisha. Mali yote inaondoka na maji. Niko mbele ya mashine ya kukoboa. Njooni haraka."

Zabron akasoma, akavua kofia. "Mama Fides, kuna mtu kapatwa."

"Kapatwa na nini?"

"Maji. Jirani tu hapo mbele. Tusimhoji kwenye simu, twende."

Fortunata akajifunga kanga, akachota unga kwenye bakuli, kwa sababu msibani huendi mikono mitupu. Zabron akavaa koti la kanisani. Wakatoka chini ya mwavuli, polepole, maana msibani hukimbilii. Walipozunguka ukuta wa mashine wakakuta lori, na juu ya lori Mhoja amelala kifudifudi, kaziba tundu la turubai kwa tumbo lake.

"Pole sana ndugu yangu," Zabron akaita kwa sauti ya chini. "Marehemu ni nani?"

"Chumvi!"

Fortunata akawa ameshaanza kulia kidogo, kwa mazoea. Akanyamaza.

"Chumvi?" Zabron akauliza.

"Chumvi ya watu! Natafuta fundi turubai, nimesalimiana na simu mpaka vidole vimekunjamana! Na nyie ni nani?"

Zabron akatazama koti lake, akatazama bakuli. "Mimi ndiye fundi turubai."

"Uzi uko wapi?"

"Tumekuja na unga."

Mhoja akatoa Kisukuma hapo, kirefu, bila kupumua. Hakikuhitaji mkalimani. Zabron akageuka akatoka mbio, koti linapepea, akawapita akina mama wa pale mashineni bila hata hujambo. Wale mama wakaingia ndani wakafunga mlango, wakajua kuna kitu kinamfukuza.

Akarudi na sindano na uzi, akapanda, akashona na mvua mgongoni. Turubai likaziba. Lakini magunia ya katikati yalishakuwa supu, yanatiririka chini ya lori, na kuna mbuzi wa mtu alikuwa amesimama pale analamba, anakula sikukuu yake.

Mhoja akaukagua mshono kwa dole gumba. "Fundi, kushona unajua, sibishi. Sasa wenzangu kule kwenye foleni niwaambie nini? Kwamba ukitoboka Tunduma, anza kusalimia wiki moja kabla?"

Zabron akafuta sindano kwenye koti la kanisani. Fortunata ndiye aliyejibu. "Baba kapiga simu asubuhi. Kahawa imeanza kubadilika rangi."

Kesho yake Zabron yuko kwa Blessing. Akasalimia kwa kifupi, mpaka dada wa watu akaogopa.

"Toa," Zabron akasema.

"Nitoe nini, ba Zabron?"

"Hodi." Akaangalia pembeni. "Na mengine."

Blessing hakungoja abadili mawazo. Juu kabisa, herufi kubwa: Fundi Turubai Tunduma. Chini yake: nyuma ya mashine ya kukoboa, ukifika rundo la pumba pinda kulia. Kitufe kimoja, ukibonyeza simu inaita. Picha ya Zabron juu ya lori, sindano mkononi. Zabron akaomba kitu kimoja tu, na Blessing akamwonea huruma: chini kabisa, kwa herufi ndogo, "Kama una muda, tusalimiane."

Zikapita siku kadhaa, simu ikaita. Fortunata alikuwa anachambua maharage mlangoni.

"Fundi, turubai limechanika, niko foleni, lori jekundu," sauti ikasema. Hakuna hujambo, hakuna nini.

Mdomo wa Zabron ukafunguka. Ukaanza kutengeneza "Ha..." Fortunata akainua macho, punje ya haragwe imebaki kati ya vidole. Zabron akameza. Ukaona kabisa kitu kinashuka kooni.

"Nakuja," akasema.

Fortunata akainuka, akamshika paji la uso kama lina moto.

Halikuwa na moto. Simu ikaita tena, na kesho yake tena, na Masumbuko akarudi zake kwenye mapazia. Kahawa ilipokuja kuiva vizuri, Zabron alikuwa anashinda juu ya malori toka asubuhi, na Fortunata akampigia mzee Osea kumwambia atafute wachumaji wengine.

Ila salamu hazikufa, jamani. Zabron amezitafutia mahali pengine. Anapanda juu ya lori bila neno, anampa dereva upande mmoja wa turubai aushike kwa mikono miwili, aukaze. Anashona mpaka katikati, pale ambapo dereva akiachia tu, kazi yote inafumuka. Hapo anaichomeka sindano kwenye kofia, anakaa vizuri.

"Enhe," anasema. "Nyumbani hawajambo?"