Mwana wa Wiki Mbili

Watu wa mtaa walimwita Mama Pindo, na jina hilo hakulipata bure. Alikuwa fundi cherehani ambaye aliweza kufumua pindo la suruali mara tatu kwa sababu tu limepanda kidogo upande mmoja. Mteja akinung'unika, alimwambia atulie, maana aibu ya nguo iliyopinda ni ya aliyeishona, si ya aliyeivaa. Alivyoshika kazi ndivyo alivyoshika maneno. Neno likishamtoka mbele za watu, alilihesabu kuwa limekwisha shonwa.

Kwa tabia hiyo aliingia katika jambo ambalo wenzake waliliona sherehe tu.

Mji wao ulikuwa na udugu na mji mmoja wa ng'ambo. Viongozi walitia saini, wakapeana bendera, na kila baada ya muda vijana wa huku walikwenda kule na wa kule wakaja huku, wakakaa wiki mbili katika nyumba za watu na kufanya kazi pamoja. Siku ya kuwapokea, kila mwenyeji alimshika mgeni wake mkono akatamka mbele ya ukumbi mzima: "Huyu ni mwanangu." Maneno hayo yalikuwa kwenye ratiba, kati ya hotuba ya meya na soda. Watu waliyatamka huku wakicheka na kupigwa picha. Mama Pindo, mjane mwenye binti mmoja, aliyatamka bila kucheka.

Alipewa kijana seremala, mrefu, mwenye Kiswahili cha kuokoteza. Alipofika alivua viatu mlangoni, akavipanga ncha zikitazama nje. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja jembe. Jioni ile ile aliona meza ya cherehani inayumba, akachonga kabari ya mbao, akaipachika chini ya mguu mmoja, meza ikatulia.

"Mama Pindo," kinyozi wa jirani alimwambia, "huyo usimrudishe. Sema amepotea sokoni."

"Nitasema wewe ndiye uliyemnyoa, akaona haya kurudi kwao."

Mchana kijana alikuwa shuleni na wenzake wakiunda madawati. Jioni alirudi na vumbi la mbao kwenye nyusi. Wiki ya pili ilipoanza homa ilimpanda, akalazwa. Madaktari walihangaika naye, lakini siku yake ilikuwa imefika. Alifariki mchana, mvua ikinyesha, na Mama Pindo ameketi kando ya kitanda.

Mwaka ule kulikuwa na vita njiani na ndege hazikuruka. Ndugu zake walipigiwa simu, wakakubali azikwe huku, kwa kuwa hawakuwa na la kufanya. Meya alihutubia. Kamati iliweka jiwe. Kisha viongozi wakabadilika na udugu wenyewe ukapoa kama chai iliyosahauliwa mezani. Wale waliowatamka wageni kuwa wana wao hawakukumbuka hata sura zao. Binadamu ni mwepesi wa kukumbatia mbele ya kamera.

Mama Pindo alikaa matanga kama mama mzazi. Kila Jumamosi alichukua jagi la maji na jembe dogo, akaenda makaburini, akapalilia.

"Huyo ulimzaa lini?" wanawake walimtania.

"Sikumzaa. Nilimtamka."

Ikapita miaka kumi na tisa. Kichwa kikajaa mvi, binti akawa mtu mzima anayeuza dawa katika duka la mjini. Ndipo halmashauri mpya ilipoamua kuufufua udugu, na habari ikaja kwamba katika ujumbe wa kwanza atakuwamo mama mzazi wa marehemu. Alitaka kumrudisha mwanawe kwao.

Mwenyekiti wa kamati ya udugu alifika kibandani kwa Mama Pindo, kofia mkononi.

"Mama, kaburi lile ndilo moyo wa udugu wetu. Tumeshachora bustani, njia ya kokoto, kibao kikubwa. Likiondoka, wageni tutawaonyesha nini?"

"Waonyesheni madawati aliyounda."

"Madawati yalishavunjika, mama."

"Basi hayo ndiyo ya kutengeneza."

Mwenyekiti alikohoa. "Sheria ya makaburi yetu inasema kaburi halifukuliwi bila ridhaa ya anayelitunza. Anayelitunza ni wewe. Sema tu, nimemlea, asisumbuliwe. Hakuna atakayekulaumu."

Mama Pindo aliinamia cherehani yake. Ubaya wa kishawishi si kwamba huja na pembe na mkia. Huja na sauti ya moyo wako mwenyewe. Mtu yule alitaka bustani, lakini alichokisema ndicho alichokitaka Mama Pindo.

Hata binti yake aliona hivyo. "Kataa, mama," alimwambia wakikunja nguo. "Wao walimzaa, sawa. Wewe Jumamosi utakwenda wapi?"

Mama wa marehemu alikuja nyumbani na mwalimu wa shule aliyejua lugha zote mbili, na mwenyekiti akabaki nje akisubiri. Mgeni alikuwa kikongwe mdogo mwenye fimbo. Pale mlangoni alivua viatu, akainama kwa taabu, akavigeuza ncha zikatazama nje. Mama Pindo aliviangalia viatu vile kwa muda, kisha akamkaribisha kiti.

Mama Pindo alimwonyesha mgeni ile kabari chini ya mguu wa meza. Kikongwe aliinama akaigusa kwa kidole, akasema jambo.

"Anasema ni kazi yake," mwalimu alitafsiri. "Baba yake alikuwa akizikata hivyo hivyo."

Kisha mgeni aliuliza lililomleta. Mwanawe alikufa akiwa na nani?

"Na mimi," Mama Pindo alisema. "Macho yalikuwa hayaoni tena. Alinishika mkono akawa anakuita wewe. Mwalimu, mwambie kweli, usilainishe. Hakuniita mimi, alimwita yeye. Mimi niliitika. Nilisema, nipo."

Kikongwe alitaka aambiwe mara ya pili. Aliposikia aliinamisha kichwa juu ya fimbo. Alipoongea tena, mwalimu alitafsiri kwa sauti ya chini.

"Anasema, miaka yote hii alidhani mwanawe aliita asiitikiwe." Akasikiliza tena. "Anasema alikuja kumtoa kwa wageni, na sasa haoni mgeni hapa. Amesikia ridhaa ni yako. Anakuuliza kama mama mwenzake. Ukisema abaki, atachukua udongo kidogo na hatakulaumu."

Mama Pindo alitazama dirishani. Nje, mwenyekiti alikuwa akizungusha kofia mikononi. Neno moja tu lilihitajika, na lilikuwa limemfika kwenye ulimi: abaki. Akakumbuka ukumbi ule, meya, soda, na alivyomshika kijana mkono. Alitamka mwanangu, ni kweli. Lakini hata siku ile alijua kuwa wiki mbili zikiisha atampeleka kituoni na mzigo wake umefungwa vizuri. Mtoto wa watu ni amana, na amana hata ukiizoea haigeuki kuwa yako.

"Mwambie," alisema, "nilipewa wiki mbili. Hii miaka mingine alipitiliza tu, nikawa namtunzia. Mchukue, dada yangu. Umekaa sana bila mtoto."

Uso ulimlowa, lakini sauti haikutetemeka.

Alishona mwenyewe kitambaa cha kufunika sanduku, na pindo alilifumua mara mbili. Siku ya kufukua, kikongwe alimvuta kwa mkono wakasimama pamoja mbele, meya na mwenyekiti nyuma yao, na sanduku lilipopandishwa garini walilishika wote wawili. Bustani haikujengwa. Mwenyekiti alisema udugu umepoteza moyo wake. Hakuwa chumbani siku ile, hakujua moyo ulikuwa wapi.

Jumamosi iliyofuata Mama Pindo alichukua jagi na jembe dogo. Binti yake alimkuta anafunga mlango.

"Unakwenda wapi, mama? Kule hakuna mtu tena."

"Wamejaa tele," alisema. "Yule wa kaburi la jirani magugu yamemfika shingoni, na wala hana wa kumtazama."

Akaenda.